Hauna Moto

Nguzo ya Igogo ingali pale pale,
imeinama kidogo kama mtu anayesikiliza umbea.
Jirani hunikanya nisiitazame.
Naitazama. Kila niendapo dukani naitazama:
mita saba, nilizipima kwa kamba ya kuanikia nguo.

Lushinge alipanda na kofia ngumu, na mkanda,
na koleo lenye mipini myekundu.
Walisema laini imezimwa.
Waliosema walikuwa mbali.
Alishuka bila ngazi.
Kofia ilitangulia, kichwa kikafuata,
na miamba ya Mwanza haina godoro.

Aliamka siku ya kumi na tisa.
Mwili ukarudi kwa awamu, mguu, kisha mkono.
Maneno hayakurudi.
Kijiko alikiita "hiki." Mimi aliniita "hiki."
Ziwa lote lile, hadi linapozama mbinguni upande wa Ukerewe:
"hiki."
Miezi minane tuliishi ndani ya neno moja,
na mtoto wetu akajifunza kusema
akampita babaye njiani.

Ndipo tukaitwa hospitali ya kilimani.
Daktari Bahebe, binti mwenye mwanya,
akatuonyesha sponji mbili, chupa ya maji ya chumvi,
na betri ndogo kuliko ile ya redio ya marehemu baba.
"Tutapitisha umeme kidogo juu ya fuvu,
miliampu mbili, dakika ishirini,
tuuamshe upande wa maneno uliosinzia."

Umeme!
Mama mkwe akasimama, akajifunga khanga upya.
"Aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo,
nanyi mnamletea nyoka mwenyewe, mmemfunga utepe?"
Bahebe hakucheka.
"Mama, dawa ya moto ni moto,
ila huu wetu ni njiti moja."
Kisha akaongeza, maana alikuwa mkweli:
"Tena si kila mgonjwa ataupata. Ni utafiti.
Kwa nusu yao mashine itawasha taa tu,
itawasha ngozi kidogo, halafu itanyamaza.
Nani yuko kundi gani, hata mimi sijui.
Ijuayo ni kompyuta."

Nikatia saini.

Picha za samaki mezani.
Huyu nani? Sato. Na huyu? Sangara.
Furu, ningu, kamongo, gogogo.
Hiki, hiki, hiki, hiki.
Maji ya chumvi yakimchuruzika nyuma ya sikio,
nami nikiyafuta kwa pindo la khanga, nikiwaza:
ziwa letu halina chumvi,
hii imetoka wapi kuja kumtafuta mtu wa Igogo?

Siku ya kumi na moja, Jumatano, mvua inapiga bati,
Bahebe akabonyeza. Taa ya kijani.
Lushinge akakunja uso.
Akainua mkono, akaugusa waya
kwa mgongo wa kidole, kama wagusavyo mafundi
wanaotaka kuzeeka.
Akatulia.
Akasema, neno kwa neno,
kama mtu anayeshuka ngazi gizani:
"Huu waya... hauna moto."

Bahebe akaitazama mashine.
Mimi nikamtazama Bahebe.
"Amesema nini?" akauliza mama mkwe.
Nikamwambia: amesema kazi yake.

Kompyuta itafunguliwa mwakani.
Hadi hapo sijui nimshukuru nani,
sponji, au picha za samaki, au hiyo miezi minane,
au hasira ya fundi aliyeletewa waya mfu.
Bahebe naye hajui, na hajifanyi kujua.
Ameandika tu saa na tarehe.

Mimi bado ni "hiki."
Sato bado ni "hiki."
Lakini juzi usiku nyumba ilizimika ghafla,
mtoto akalia, na kutoka kitandani ikaja sauti,
sauti ya lawama, ya mume kabisa:
"Uniti zimeisha. Hukununua."

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni.
Nikaliacha giza likae nasi kidogo
kabla ya kuitafuta simu.